Anayekwenda Garsen kupanda miti aulize kwanza jina la mahali

Kila mvua za masika zinapokaribia, vyuo vikuu vyetu hushikwa na homa fulani isiyodhuru. Vyama vya wanafunzi vya mazingira huchapisha fulana mpya, huomba basi la chuo, hukusanya miche kutoka vitaluni, kisha hufunga safari hadi mahali pa mbali kupanda miti. Hotuba hutolewa, picha hupigwa, na jioni basi hurudi likirindima kwa nyimbo. Baada ya miezi sita, ukiuliza miche ile iliishia wapi, ni nadra kumpata mtu wa kukujibu.

Sisemi haya kwa kubeza. Vijana wa nchi hii wana historia ya kujivunia katika jambo hili. Vilabu vya wanyamapori vya Kenya vilianzishwa na wanafunzi mwaka 1968, wakati ambapo havikuwa na mfano barani Afrika. Marehemu Profesa Wangari Maathai alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi alipoliasisi shirika la Green Belt Movement mwaka 1977. Naye aliposhambuliwa pamoja na wenzake huko Karura mnamo Januari 1999, wanafunzi wa vyuo vikuu walimiminika barabarani kuutetea msitu ule. Kwa hivyo anayedai kuwa vyama hivi ni mchezo wa watoto hajui alisemalo.

Ninalolalamikia ni jambo jingine. Ni tabia yetu sisi watu wa vyuo ya kwenda kufundisha kabla hatujaambiwa pale tulipofika ni wapi. Na mkosaji wa kwanza nitakayemtaja ni mimi mwenyewe.

Mwaka 2016 nilikuwa mlezi wa chama cha mazingira katika chuo nilikokuwa nikifundisha. Wenzangu wa sayansi walikuwa wamelemewa na kazi, na mimi mwanaisimu, ambaye sikuweza kuutofautisha mche wa mkuyu na wa mfenesi, nikapewa dhamana hiyo. Tulipita Malindi, tukaendelea mwendo wa zaidi ya kilomita 100 hadi Garsen, kisha tukaingia katika kijiji kimoja kando ya Mto Tana. Kijiji hicho sitakitaja, kwa kuwa kosa halikuwa la wenyeji. Hao walikuwa wakulima Wapokomo, nao walitupokea kwa wali, samaki na bashasha tele.

Tulikuwa na miche 300 ya mwarobaini. Tangu tukiwa chuoni tulikuwa tumekwisha kuamua kwamba itapandwa ukingoni mwa mto ili izuie mmomonyoko wa udongo. Tulipofika tukaona ukanda mpana wa nyasi mbichi ukiteremka hadi majini, hauna shamba wala nyumba. Machoni petu ile ilikuwa ardhi tupu iliyokuwa ikitungoja. Mmoja wa wenyeji wetu alisita kidogo, akasema, "Hapo ni malka." Mwanafunzi aliyekuwa akijaza fomu ya safari akaandika kwenye nafasi ya jina la mahali: Malka. Mimi nikaisoma fomu ile na kuitia sahihi. Kisha tukapanda, tukazungushia ua wa miiba ili mbuzi wasiifikie miche, tukapiga picha.

Asubuhi ya pili, tulipokuwa tukifunga mizigo, walitujia wazee wawili wakiongozana, mmoja Mworma na mwingine Mpokomo. Walinijulia hali, wakauliza habari za safari na za watoto wangu. Yule Mworma ndiye aliyeanza.

"Mwalimu, ng'ombe sasa wako mbali, wamefuata maji ya mvua. Kiangazi watarudi. Watashuka hapa kunywa, watakuta ua. Wewe utakuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Yule Mpokomo akamalizia kwa sauti ya chini: "Hawatawauliza wanafunzi. Watatuuliza sisi."

Malka, mpenzi msomaji, halikuwa jina la mahali pale. Ni neno la Kiorma linalotumiwa na watu wote wa Tana, nalo maana yake ni njia ya mifugo kushukia mtoni pamoja na mahali penyewe pa kunywea maji. Wakati wa mvua wafugaji huenda bara, mbali na mto, na malka huota nyasi ikaonekana kama haina mwenyewe. Kiangazi kinapokaza, maelfu ya ng'ombe hurejea, na malka ndio mlango wao wa uhai. Mimi, mwenye shahada ya uzamifu katika taaluma ya lugha, niliambiwa neno hilo waziwazi kwa Kiswahili fasaha, nikaliandikisha kama jina la kituo cha basi. Sikuuliza swali moja ambalo ningemkatia alama mwanafunzi wangu kwa kutoliuliza: neno hili lina maana gani?

Asiyeijua historia ya Tana huenda akaona nakuza jambo dogo. Mnamo Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilivamiwa, na zaidi ya watu 50 wakauawa kwa siku moja, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Mashambulizi na malipizi yaliendelea Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao, hata kufikia mwanzo wa 2013 waliouawa walikuwa wamezidi 100. Siasa za uchaguzi zilitajwa, na silaha zilitajwa. Lakini katika mizizi ya uhasama ule lilikuwapo swali la kale: nani ana haki ya kuufikia mto, na apitie wapi? Miaka minne tu baadaye, mimi na vijana wangu tulifika tukiwa na nia safi kabisa, tukaziba mlango mmoja wa mto, kisha tukataka kuwaachia wenyeji wetu lawama.

Tuliung'oa ua ule asubuhi ileile. Miche tukaihamishia katika uwanja wa shule ya msingi, ambako mwalimu mkuu alituonyesha mahali palipohitaji kivuli. Nimekuwa nikilitafakari jambo hili tangu siku hiyo, na fikira zangu ndizo ninazotaka kuzieleza.

Kwanza, kosa letu halikuwa geni. Mto Tana, wenye urefu wa karibu kilomita 1,000 kutoka Nyandarua na Mlima Kenya hadi Kipini, umepangiwa mambo na watu wa mbali kwa miaka mingi. Mabwawa ya umeme yalijengwa sehemu za juu, Kindaruma mwaka 1968, Masinga 1981 na Kiambere 1988, na mafuriko ya kila mwaka ambayo mkulima wa mpunga na mfugaji wa delta walikuwa wakiyategemea yakabadilika. Kilimo cha mpunga cha shirika la TARDA kilianzishwa katika delta, na maji ya El Niño ya 1997 na 1998 yakaibomoa miundo yake. Mnamo 2008 mpango wa mashamba makubwa ya miwa ukapingwa mahakamani. Kila mpango ulikuwa na ramani, na katika ramani nyingi za aina hii malka huonekana kama tulivyoiona sisi: nafasi tupu.

Februari 2013 Mahakama Kuu iliagiza kuwa mipango ya matumizi ya ardhi na maji ya delta ifanywe kwa kuwashirikisha wakazi, na mwaka 2015 mpango wa matumizi ya ardhi wa delta ukazinduliwa. Delta yenyewe, hekta 163,600, ilikuwa imeorodheshwa mwaka 2012 chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye thamani kwa dunia nzima. Mambo haya ni mema. Hata hivyo, kumshirikisha mtu huanza kwa kuelewa anachosema.

Pili, mti si mwema kila mahali. Sisi wa mjini tumezoea kuuona mti kama sadaka isiyoweza kukosewa. Waulizeni watu wa Baringo na wa Bura, hapo hapo Tana River, habari za mathenge. Mti huo ulipandwa kwa bidii miaka ya 1980 ili uzuie jangwa na kutoa kuni. Leo umevamia malisho na kuziba njia, na maganda yake matamu huozesha meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo waliishtaki serikali, wakampeleka mahakamani mbuzi kibogoyo awe ushahidi. Waliokuja na miche ile hawakuwa maadui. Walikuwa wataalamu wenye nia njema, kama sisi.

Tatu, na hapa ndipo penye taaluma yangu, majina ni elimu. Mwanafunzi wa chuo husema "mikoko" kwa kila mti uotao katika maji ya chumvi. Mvuvi wa Kipini atakutajia mkoko, mchu, mkandaa, muia, mlilana, mkomafi na msikundazi, na kila jina lina mahali pake kwa kadiri ya kujaa na kupwa kwa maji. Mlilana hukaa mbele ukitazama bahari, msikundazi hukaa nyuma karibu na maji baridi. Anayekusanya mbegu za mkoko peke yake na kuzichomeka kila mahali penye tope, kwa kuwa katika kitabu chake yote ni mikoko, asishangae bahari ikimrudishia kazi yake.

Wala lugha hizi si za mbali kwetu. Wanaisimu huziweka Kiswahili, Kipokomo, Kielwana, lugha za Mijikenda na Kikomoro katika kundi moja liitwalo Sabaki, na kitabu cha Nurse na Hinnebusch cha mwaka 1993 kimeueleza udugu huo kwa kirefu. Mswahili anayemsikiliza Mpokomo kwa makini husikia sauti ya ndugu wa baba mmoja. Kiorma ni cha ukoo mwingine, ukoo wa Kikushi, lakini kimekaa na Kiswahili kwa karne nyingi. Katika lugha za Kioromo neno galana hutajia mto au maji makubwa. Sisi leo tunasema "Mto Galana", na kwenye ramani tumeandika "Mto Mto". Bila shaka hapo kale msafiri mmoja aliuliza, akajibiwa, akaandika, akaenda zake. Mwanafunzi wangu aliyeandika "Malka" alikuwa amerithi kosa la wakubwa wake, na mimi nilikuwa miongoni mwa wakubwa hao.

Najua yatakayosemwa. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Watu wa Tana wanafikwa na gharika na kiangazi, naye mwanaisimu anataka tuketi chini tuandike msamiati! Ningelikubali shutuma hiyo lau maneno yangekuwa pambo tu. Mafuriko ya 2018, ya mwishoni mwa 2023 na ya Aprili na Mei 2024 yaliwahamisha watu wengi wa kaunti hiyo. Kila mabwawa ya juu yanapojaa, tahadhari hutolewa kwa wakazi wa chini. Lakini tahadhari inayohesabu mita za ujazo kwa sekunde humwambia nini mama aliye Hewani au Idsowe? Anataka kujua maji yatafika wapi, lini, na ni njia ipi itakayozama kwanza. Kuyageuza maneno ya wahandisi yawe maneno ya mama huyo ni kazi ya lugha, na kazi hiyo yaweza kuokoa roho kuliko miche yangu 300.

Kwa upande wa pili, nisieleweke kwamba wenyeji wanajua yote na chuo hakina cha kuwaambia. Mzee ausomaye mto kwa rangi ya maji na kwa mienendo ya ndege hawezi kuliona bwawa la Masinga likifurika. Hapo twahitaji vipimo na simu. Isitoshe, wazee wanaume si kijiji kizima. Katika safari yetu hatukumwuliza mwanamke hata mmoja mahali anapoteka maji, na hilo lilikuwa kosa la pili ndani ya lile la kwanza. Nionavyo mimi, elimu ya chuo na elimu ya mto ni kama makasia mawili ya mtumbwi. Ukipiga la upande mmoja peke yake, chombo huzunguka pale pale.

Basi tufanyeje? Nina mapendekezo machache kwa walimu wenzangu na kwa viongozi wa vyama vya wanafunzi.

La kwanza ni kwamba kila chama kichague mahali pamoja na kukaa napo kwa miaka, badala ya kuzunguka nchi nzima kwa siku moja moja. Kaunti ya Tana River imepakana na vyuo vikuu viwili vya umma: Pwani kule Kilifi, kilichopata hati mwaka 2013, na Garissa, kilichopata hati mwaka 2017. Vyuo hivi haviwezi kusema kwamba Garsen ni ughaibuni.

La pili, safari ya kwanza iwe ya daftari, si ya jembe. Wanafunzi waandike majina ya miti, ya samaki, ya udongo, ya majira na ya njia, kwa Kipokomo, kwa Kiorma na kwa Kiswahili, pamoja na jina la kisayansi. Waandike pia kila kitu hutumika kwa nini na lini. Nakala moja ikae chuoni, na nyingine ikae katika shule za mahali pale. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 69, inaitaka dola ilinde elimu ya jadi ya jamii kuhusu viumbe hai. Elimu isiyoandikwa popote italindwaje?

La tatu, mche usiingie ardhini kabla ya kusikia pande zote: wazee wa gasa kwa Wapokomo, wazee wa matadeda kwa Waorma, na wanawake wanaoteka maji na kukata kuni. Na jibu la "hapana" likubaliwe kwa heshima. Miche inaweza kurudi na basi.

La nne, tupeleke nyumbani tulichochukua. Watafiti wangapi wamepita Tana kuhesabu kima wa aina mbili wasiopatikana popote pengine duniani, ambao kwa ajili yao hifadhi ilitengwa mwaka 1976? Wamepata shahada zao, nasi tumewapongeza. Lakini ni tasnifu ngapi zilizowahi kurudi katika vijiji vilivyo kando ya misitu ile, hata kwa kurasa mbili za Kiswahili zilizosomwa barazani? Chuo chaweza kuweka sharti jepesi: asiyeandika muhtasari wa Kiswahili na kuuwasilisha kwa waliomkaribisha, kazi yake ihesabiwe kuwa haijakamilika.

La mwisho, tuwatazame wanafunzi wetu wenyewe. Katika kila chuo cha Pwani na cha Nairobi wamo vijana waliozaliwa Ngao, Tarasaa, Wenje au Hola. Mara nyingi huketi nyuma na kunyamaza, wakidhani lugha ya nyumbani ni mzigo wa kuachwa langoni. Siku ile yalipotufika, alikuwamo basini binti mmoja aliyeijua maana ya malka tangu utotoni. Nilipomwuliza kwa nini hakusema, alinijibu kwa adabu, "Mwalimu, nilidhani mnajua." Jibu hilo linaniuma kuliko maneno ya wazee wawili. Ni nani aliyemfundisha kwamba sisi wenye vyeo hatuwezi kukosa neno alijualo yeye?

Mikutano mingi ya vyama hivi hufunguliwa kwa wimbo wa taifa. Wachache hukumbuka kwamba mahadhi yake yalichukuliwa kutoka wimbo wa kumbembeleza mtoto wa Wapokomo, kabla ya uhuru wa 1963. Nchi nzima husimama wima kwa sauti iliyotoka ukingoni mwa Tana. Deni la namna hiyo halilipwi kwa miche ya siku moja, wala kwa fulana.

Tangu mwaka ule nimerudi Garsen mara kadhaa. Miarobaini ya shuleni imekuwa mikubwa, na watoto husomea chini yake jua linapowaka. Kule mtoni, ukanda ule wa nyasi bado u wazi. Kiangazi ng'ombe hushuka, wakanywa, wakapanda tena. Kila ninapopita pale huwaonyesha wanafunzi wangu mahali ambapo hatukupanda kitu, nikawaambia kwamba hiyo ndiyo kazi bora ya mazingira ambayo chama chetu kimewahi kufanya.